Mjadala: Mtangazaji anayehoji kuhusu siasa na vita aseme anasimama wapi, au akae katikati?

Mleta mada

Wadau, naomba tulijadili hili bila kuzunguka. Vipindi vya asubuhi vya redio za Dar es Salaam vinahoji watu kila siku kuhusu bajeti, uchaguzi, Kongo, Sudan na Gaza, na tarehe za kumbukumbu zikikaribia, Majimaji na Kagera. Desturi iliyozoeleka ni mtangazaji kuonekana hana upande. Mimi nasema desturi hiyo inatunyima mahojiano ya maana.

Marekani kuna mkondo wa redio usiojificha. Pacifica, shirika la redio lisilo la kibiashara, iliasisiwa mwaka 1946 na Lewis Hill, mtu aliyekataa kushika silaha katika Vita Kuu ya Pili. Kituo chake cha kwanza, KPFA cha Berkeley, California, kilianza kusikika Aprili 1949 na kikaendeshwa kwa michango ya wasikilizaji. Katika mtandao wa vituo vya Pacifica ndimo kilimozaliwa kipindi cha Democracy Now! cha Amy Goodman mwaka 1996. Msikilizaji wake anajua tangu mwanzo kwamba kipindi kinapinga vita, na anapima kila anachosikia akilijua hilo. Februari 5, 2003, Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alipoliambia Baraza la Usalama kwamba Iraq inaficha silaha za maangamizi, vyombo vingi vikubwa vilihamia kubishana vita vitaanza lini. Redio hizi ziling'ang'ania swali la ushahidi. Silaha zile hazikuonekana.

Hapa kwetu "katikati" imegeuka kuwa saa: huyu dakika kumi, yule dakika kumi, asanteni kwa kuja. Hakuna aliyebanwa, na msikilizaji anatoka pale pale alipoingia.

Wakili, Kisutu

Mleta mada, umekwenda mbali hadi Berkeley wakati Arusha ipo. RTLM ya Rwanda ilianza kurusha matangazo Julai 1993 kwa muziki mzuri, mazungumzo ya mtaani, simu za wasikilizaji na watangazaji wenye msimamo wa wazi kabisa. Ilipendwa kwa sababu haikuwa baridi kama redio ya serikali. Kuanzia Aprili 1994, mauaji ya kimbari yalipoanza, ilikuwa ikitaja majina ya watu, mahali walipojificha na namba za magari yao. Desemba 3, 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani Nahimana na Barayagwiza, waasisi wa redio hiyo, pamoja na Ngeze wa gazeti la Kangura.

Rukhsa ya msimamo ukiiandika leo kwa ajili ya mtangazaji mwadilifu, kesho ataitumia asiye mwadilifu. Kukaa katikati si woga. Ni uzio.

Mtayarishaji wa vipindi, Mikocheni

Wakili, hukumu hiyo isomwe hadi mwisho. Rufaa iliamuliwa Novemba 2007. Majaji walipunguza adhabu, Nahimana kutoka kifungo cha maisha hadi miaka 30, na wakatenganisha vitu viwili: matangazo ya chuki ya kabla ya Aprili 6, 1994, ambayo hawakuridhika kwamba yalikuwa uchochezi wa moja kwa moja wa mauaji ya kimbari, na baadhi ya yale ya baada ya hapo, ambayo yalikuwa hivyo bila shaka. Mahakama haikuuliza kama mtangazaji ana maoni. Iliuliza maneno yalimwelekeza msikilizaji afanye nini, kwa nani, katika hali gani. Huo ndio mstari ninaoufuata ninapoandaa kipindi, na hauhusiani na kukaa katikati.

Nieleze kazi ilivyo, maana mjadala huu huwa unaelea hewani. Mahojiano ya dakika 30 yanaharibika kabla taa nyekundu haijawaka, na yanaharibikia kwenye maandalizi. Mtangazaji anapewa karatasi moja, si kumi. Juu kabisa inaandikwa hoja moja ambayo lazima ijibiwe kabla mgeni hajaondoka. Chini yake maswali sita au saba, si ishirini. Mwenye maswali ishirini hasikilizi majibu, anakimbiza orodha. Pembeni ya kila swali kuna nyaraka inayolibeba: ukurasa, tarehe, nani alisema.

Mfano ni Kongo. Waasi wa M23 waliingia Goma, mji wa mashariki ya Kongo, mwishoni mwa Januari 2025, na Februari 8 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki na SADC walikutana hapa hapa Dar es Salaam. Wiki ile studio nyingi zilikuwa na mgeni anayesema Rwanda inawasaidia M23, kisha mgeni anayesema Rwanda imekanusha, basi. Lakini nyaraka ilikuwepo: ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 iliyokadiria wanajeshi wa Rwanda ndani ya Kongo kuwa kati ya 3,000 na 4,000. Baada ya wiki mbili likaja azimio 2773 la Baraza la Usalama lililoitaka Rwanda iache kuwaunga mkono M23. Mtangazaji aliyejiandaa anamsomea mgeni sentensi hiyo, anauliza ni sehemu gani anaikataa na kwa ushahidi gani, kisha ananyamaza. Kunyamaza ni sehemu ya kazi. Sekunde nne za kimya redioni zinamtisha mtangazaji mchanga, naye anaziba pengo kwa kumtafutia mgeni jibu jepesi.

Na huyo huyo mtangazaji amwulize mgeni wa upande wa pili kuhusu FDLR, kundi la waasi wa Kihutu wanaoipinga serikali ya Rwanda wakiwa Kongo, kwa ukali ule ule. Hapo msikilizaji atajua kama msimamo wake ni wa haki au wa ushabiki.

Msikilizaji, Mbagala

Mkuu wa Mikocheni umesema vizuri, ila swali moja halijaguswa. Simu zetu zinakatwa. Mbunge anapewa nusu saa, mwananchi anapewa "kwa kifupi tafadhali". Kama msimamo ni kuwapa nafasi wasiosikika, uanzie hapo.

Mwalimu wa historia, Mlimani

Naomba niongeze upande wa historia, kwa sababu huko ndiko "katikati" inakodanganya zaidi.

Chukueni Majimaji, 1905 hadi 1907. Kila Februari 27, siku ya kukumbuka mashujaa walionyongwa Songea mwaka 1906, redio zinaalika mgeni, na mgeni anataja idadi ya waliokufa. Mmoja atasema 75,000, mwingine 300,000. Mtangazaji wa katikati atasema "takwimu zinatofautiana" na kuendelea. Hizo si takwimu mbili zenye uzito sawa. Ile ya 75,000 ilitoka kwa Wajerumani wenyewe. Zile za 250,000 hadi 300,000 ni makadirio ya wanahistoria wa baadaye waliojumlisha njaa, na njaa ile haikuwa ya mvua kukosekana: majeshi ya kikoloni yalichoma vijiji, mashamba na maghala ili watu wasalimu amri. Swali la kumwuliza mgeni ni hili: "Namba yako inahesabu waliopigwa risasi tu, au na waliokufa kwa njaa iliyofuata?" Swali moja, na msikilizaji ameelewa vita vile vilipiganwaje.

Pili, mgeni aseme anajuaje. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mradi wa kukusanya masimulizi ya wazee waliokuwa na kumbukumbu ya Majimaji. Ushahidi wa namna hiyo una nguvu yake na udhaifu wake: ni mzuri kwa maisha ya kijiji, majina, sababu za watu kuingia vitani, si mzuri kwa tarehe na idadi. Kumbukumbu za maofisa wa Kijerumani ni kinyume chake, na zinaficha aibu ya mwandishi. Mtangazaji akilijua hilo, hatamwuliza mzee wa Kilwa ni watu wangapi walikufa. Atamwuliza chakula kilipatikanaje mwaka uliofuata.

Novemba 1, 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha akiwa Songea. Kuna mtu hapa angependa mtangazaji atafute mgeni wa kuutetea ukoloni wa Kijerumani ili mizani ikae sawa? Mimi hapana.

Wakili, Kisutu

Mwalimu, hilo la mwisho nakubaliana nawe, na nakubali halina pande mbili. Lakini umechagua kesi iliyokwisha miaka mia moja na zaidi. Niambie kuhusu Januari 12, 1964, Zanzibar. John Okello, aliyeongoza wapiganaji wa Mapinduzi, alisikika redioni akitoa vitisho na amri. Idadi ya waliouawa ina ubishi hadi leo, na familia za pande zote zipo, zinapiga simu, zinasikiliza Dar es Salaam na Unguja. Mtangazaji aanze kwa kusema yeye anayaonaje Mapinduzi? Simu ya kwanza itakuwa hoja, ya tatu itakuwa matusi ya asili ya mtu.

Fundi mitambo, Tabata

Kuhusu simu, kuna jambo la ufundi linaloamua ubishi huu kuliko maadili. Ukipokea simu moja kwa moja bila kifaa cha kuchelewesha matangazo, huna ulinzi wowote. Kifaa kinashikilia sauti kwa sekunde kadhaa, saba au nane ni kawaida, kabla haijakwenda kwenye mnara. Mpigaji akitukana au akitaja nyumba ya mtu, fundi anabonyeza na kipande hicho hakitoki. Kosa linalotokea mara nyingi: ukishabonyeza umetumia akiba yako. Kifaa kinahitaji muda kuijaza tena, kwa kuvuta sauti kidogo kidogo au kwa kupiga kiashirio cha kipindi. Mpigaji wa pili akiingia papo hapo, hamna kinga. Kwa hiyo baada ya kubonyeza, mtangazaji aende kwenye muziki au tangazo kwanza.

Mpigaji aambiwe azime redio yake na asikilize kwenye simu tu, la sivyo atajisikia mwenyewe kwa kuchelewa, atababaika, naye mtangazaji atadhani anakwepa swali. Na sauti inayorudi kwa mgeni wa simu lazima iwe na kila kitu isipokuwa sauti yake mwenyewe. Wengi wanamrudishia mchanganyiko wote, mwangwi unaanza, mahojiano yanakatishwa, na lawama inakwenda kwa mtandao wa simu.

Msikilizaji wa Mbagala, ukiona simu zinakatwa haraka, mara nyingi ni kwa sababu studio haina kifaa hicho, na fundi yuko peke yake anapokea simu, anaendesha mixa na kuangalia ujumbe wa WhatsApp.

Msikilizaji, Mbagala

Ahsante fundi. Basi wanunue kifaa, na wamwajiri mtu wa kupokea simu pembeni, amwulize mpigaji jina, eneo na hoja yake kabla hajaunganishwa. Hilo haliombi msimamo wa mtu.

Mtayarishaji wa vipindi, Mikocheni

Sahihi, na nyongeza kwa mahojiano ya vita. Mgeni aliye Goma au Khartoum anapopigiwa, swali la kwanza ni "uliona kwa macho yako au uliambiwa?" La pili ni saa ngapi, na kwa saa za wapi, maana Goma iko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa moja. Asitaje mtaa alipo wala njia anayopanga kutorokea. Ukirekodi asubuhi ukarusha jioni, sema hewani kwamba yamerekodiwa saa fulani. Mji unaweza kuwa umebadilisha mikono katikati. Katika kuhariri, ruhusa ni kufupisha jibu. Kuchukua jibu la swali la tatu ukalibandika kwenye swali la tano ni uongo, hata kama maneno yote ni ya mgeni. Faili zima lisilohaririwa litunzwe, mgeni akilalamika lichezwe.

Idadi za vita nazo. Kuhusu Goma, Umoja wa Mataifa ulizungumzia vifo karibu 3,000, na waziri mkuu wa Kongo akasema zaidi ya 7,000. Zilikuwa zinagongana? Si lazima. Ya pili ilikuwa ya mashariki ya Kongo tangu Januari, si ya Goma peke yake. Mtangazaji asiyeuliza eneo na kipindi cha hesabu atawagombanisha wageni wawili ambao hawapingani.

Mleta mada

Nimewasoma nyote. Wakili, kuhusu Zanzibar nakubali mtangazaji hana sababu ya kufungua kwa maoni yake. Lakini sikubali kwamba suluhisho ni kurudi kwenye saa. Marekani yenyewe ilikuwa na kanuni ya kulazimisha vituo vijadili masuala yenye ubishi na vitoe mitazamo tofauti, kuanzia 1949. Ilifutwa 1987. Hata ilipokuwepo, Pacifica iliishi chini yake na msimamo wake ikabaki nao. Kutoa nafasi kwa wengine na kuwa na msimamo vinakaa nyumba moja.

Na tusisahau Radio Tanzania. Idhaa yake ya nje iliwapa nafasi wapigania uhuru wa Afrika Kusini, Msumbiji, Namibia na Zimbabwe, wakati makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika yalipokuwa hapa Dar es Salaam. Nani leo anasema wangempa nafasi sawa msemaji wa makaburu?

Wakili, Kisutu

Hiyo ilikuwa sera ya nchi iliyotangazwa wazi, na kila mtu alijua nani anailipia. Hapo ndipo nataka tufike. Msimamo wa mtangazaji wa leo unalipiwa na nani? Pacifica ilitegemea wasikilizaji wake. Redio za hapa zinategemea matangazo, na nyingine zinauza nafasi ya mahojiano yenyewe: mgeni analipia dakika 30, anakuja na maswali yake, msikilizaji haambiwi. Mimi nitakubali mtangazaji mwenye msimamo siku kituo kitakaposoma hewani, mwanzoni na mwishoni mwa mahojiano, nani amelipia kipindi, mgeni ana cheo gani, chama gani, mkataba gani na nani, na mara ya mwisho alihojiwa lini hapo hapo. Kabla ya hapo, msimamo ninaousikia siwezi kujua kama ni wake au umenunuliwa.

Mtayarishaji wa vipindi, Mikocheni

La malipo nalipokea lote, lianze hata kesho. La mkataba wa mgeni litatushinda: mchambuzi wa uchumi hatatuletea orodha ya wateja wake, na hatuna nguvu ya kumlazimisha. Tunachoweza ni kumwuliza swali hilo hewani, mbele ya wasikilizaji, na jibu lake libaki kwenye rekodi.

Wakili, Kisutu

Basi liwe swali la kwanza, si la mwisho dakika zikiwa zimekwisha.