Naomba ushauri: saluni ya kibarazani, TIN (namba ya mlipa kodi) na leseni napataje bila mkataba wa pango?

Shikamooni wakubwa, wengine mambo. Nasuka nywele kibarazani kwangu Mbagala, viti viwili na kioo. Mauzo naandika nyuma ya daftari la mwanangu. Jumamosi elfu 40, Jumatatu hata buku mbili siioni. Kwa mwaka yanapita milioni 4, kwa hiyo kodi ya mapato inanihusu.

Kijana mmoja alitaka elfu 50 anitafutie TIN, wakati TRA, mamlaka ya mapato, wanatoa bure! Nilimfukuza.

Kinachonikwamisha ni mkataba wa pango. Mwenye nyumba hataki kusaini, anaogopa ile kodi ya zuio, asilimia 10 inayokatwa kwenye pango. Nifanyeje? Na nikitumia jina langu mwenyewe, BRELA, wale wanaosajili majina ya biashara, bado wananihusu? Aliyepitia anielekeze jamani.