Wenye wazee wanaotumia warfarini, tupeane uzoefu

Mleta mada: Jana kuna mtu kauliza kwa nini mzee mwenye AF (mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio) anatolewa damu kila mwezi ilhali haumwi popote. Vyumba vya juu vya moyo vikitetemeka badala ya kusukuma, damu inatuama na kuganda; donge likichomoka likafika kichwani, ndiyo kiharusi. Warfarini ni dawa ya kuzuia damu kuganda, na INR, kipimo cha muda damu inaotumia kuganda, ndiyo inayosema kama inafanya kazi. Inatakiwa 2 hadi 3. Nini huwa kinaiharibu?

Binti Pwani: Mchicha.

Mkunga Mstaafu: Mchicha hauna kosa, mwanangu. Kosa ni kula kila siku, kisha kuacha ghafla. Vitamini K inapingana na warfarini, lakini akila kiasi kile kile dozi inapangwa juu yake. Kisamvu na tembele vivyo hivyo.

Binti Pwani: Mbona kliniki wanakataza kabisa?

Mkunga Mstaafu: Wanajirahisishia kazi.

Muuza Dawa: Achaneni na mboga. Antibiotiki za Flagyl na Septrin, na flukonazo ya fangasi, ndizo zinazorusha INR ndani ya siku chache. Mzee akiandikiwa, aseme anatumia warfarini, apime tena siku ya 3 hadi ya 5. Sindano ya diklofenaki kwa ajili ya mgongo ndiyo balaa: damu inavilia kwenye msuli, na tumbo linaweza kuvuja.

Kipepeo: Hiyo ya sindano +1.

Mzee wa Vipimo: Rangi mmeisahau. Mzee anatumia kidonge cha pinki cha mg 5 kutoka Uingereza. Kimeisha, mtoto aliyeko Marekani anatuma kopo, navyo ni pinki. Kule pinki ni mg 1! Mzee anameza kimoja kama kawaida, dozi imebaki moja ya tano, na hakuna anayejua kwa sababu hakuna kinachouma. INR inashuka taratibu. Asubuhi moja mdomo umekwenda upande, kikombe kinamponyoka. Ikiwa kinyume chake, kutoka 1 kwenda 5, ataanza na mkojo mwekundu. Someni mg, msisome rangi.

Dogo Janja: Si ampe aspirini junia tu yaishe?

Muuza Dawa: Haiishi. Donge la AF hailizuii inavyotakiwa, na kuvujisha damu inavujisha.

Dogo Janja: Basi rivaroksabani, nayo inazuia damu kuganda ila haihitaji kupima INR.

Mzee wa Vipimo: Kwanza apimwe figo, na kidonge cha mg 20 kimezwe na chakula, sio tumbo tupu. Ila kama vali ya mitrali (mlango wa moyo upande wa kushoto) imebana kwa homa ya baridi yabisi, abaki na warfarini. Utafiti wa INVICTUS wa 2022 uliwapima wagonjwa hao hao, warfarini na jamii yake ikaishinda rivaroksabani.

Kipepeo: Wa kwetu husahau kumeza.

Mkunga Mstaafu: Mfungie dozi na taarifa ya habari, saa 2 usiku. Akikumbuka usiku huo huo, ameze. Ikishakuwa kesho, imepita, asimeze viwili.

Kipepeo: Na umeme ukikatika?

Mkunga Mstaafu: Redio ya betri.