Maji ya kufulia na kuogea naweza kumwagilia mboga?

MlaMlenda:
Wakuu habari za jioni. Niko Dodoma huku pembezoni, maji ya bomba ni ya mgao na ya kisima yana chumvi, sasa nina kabustani ka mchicha na chainizi alafu mapapai nyuma ya nyumba, roho inaniuma nikiona madumu kwa madumu ya maji ya kufulia yanamwagwa njiani. Nikaanza kuyamwagia mboga ila naona majani yanaungua pembeni na udongo juu unaweka ukoko mweupe. Ni sabuni au nini? Na kuna jamaa hapa mtaani anabisha eti kuna mji watu wanakunywa maji yaliyotoka chooni, nikamwambia aache kamba.

mtu_wa_pwani:
Ngoja waje wataalamu, mi nakunywa soda tu kuanzia leo 😂

Kokoto_na_Mchanga:
Jamaa yako hajapiga kamba mkuu. Ni Windhoek, Namibia, na wameanza tangu 1968. Mito isiyokauka ya nchi ile iko mipakani tu, mbali na mji mkuu, kwaiyo hawakuwa na ujanja. Mtambo wa sasa pale Goreangab ulianza 2002, una uwezo wa lita milioni 21 kwa siku. Maji yanapitishwa kwenye ozoni, kaboni, utando wenye vitundu vidogo ambavyo bakteria hapenyi, mwisho klorini, ndo yanachanganywa na ya mabwawa. Ila siri yao kubwa watu huwa hawaisemi: maji taka ya viwandani yanaenda njia nyingine kabisa, hayaruhusiwi kuingia kwenye yale ya majumbani. Ukishachanganya uchafu usioujua hakuna mtambo wa bei rahisi utakaokuokoa.

Na wewe nyumbani fanya ivo ivo, tenganisha. Maji ya kwanza ya sabuni ya unga yana sodiamu kibao, na kisima chako tayari kina chumvi, ukijumlisha na jua la Dodoma maji yanapaa chumvi inabaki, ndo huo ukoko. Sodiamu ikizidi udongo unashikana, maji hayazami tena. Hayo ya kwanza flashia choo. Ya kusuuzia na ya kuogea ndo peleka bustanini. Yenye dawa ya madoa au uliyofulia nepi usiyaguse, chooni moja kwa moja.

Binti_Kongwa:
Mi nayaweka kwenye pipa yatulie kwanza siku mbili tatu, uchafu unashuka chini. Mbona sawa tu?

Kokoto_na_Mchanga:
Dada hapana, hayo maji yana jasho na mafuta, yakilala yanaoza na kunuka, na mbu anataga humo. Mwaga siku hiyo hiyo. Ukitaka kuyasafisha tengeneza kijishimo cha kokoto, panda matete juu, maji yapite chini ya kokoto taratibu, vijidudu vya kwenye mizizi vinakula uchafu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamefanyia utafiti sana hizi ardhi oevu za kutengeneza, sio kitu cha kubuni mimi. Maji ya jikoni yachuje mafuta kwanza yasijezibisha kokoto.

MlaMlenda:
Dah asante mkuu, kumbe nilikuwa napalilia chumvi. Sasa mchicha je, niendelee au niuhamishe?

Kokoto_na_Mchanga:
Maji haya peleka kwenye mapapai, mwagia shinani usirushie majani. Mchicha na chainizi mpe maji safi, hasa mkiwa na watoto wadogo, maji ya kuogea huwa hayakosi vimelea vya kinyesi hata uoge vipi. Mvua zikianza acha zioshe huo udongo, kwa sasa weka samadi na uparue ukoko.

mtu_wa_pwani:
Kwaiyo papai nikila Dodoma nauliza kwanza nani alioga?

MlaMlenda:
Njoo ule ndo uulize 😂 Mkuu, matete huku nayapata wapi, au magugu mengine yanafaa?

Binti_Kongwa:
Nenda kwenye mabwawa, au popote maji yanapotuama, chimba na mzizi wake. Yanashika haraka sana yale.