Samaki wangu watatu aina ya diskasi wamekufa ndani ya siku tisa. Naanza upya, naombeni mwongozo

Baba Nuru wa Tabata
Wakuu, habari za jioni. Naomba wenye uzoefu wa samaki wa mapambo mnisaidie, maana nimeumia moyo na mfuko kwa pamoja.

Nina tangi la kioo, urefu sentimita 120, upana 45, kimo 50. Nikipiga hesabu ni lita 270. Mwezi uliopita nilinunua diskasi watatu, wawili wa bluu na mmoja mwekundu, kila mmoja saizi ya kiganja cha mtoto. Muuzaji akaniambia jaza maji, washa filta, subiri siku mbili, weka samaki. Nikafuata hivyohivyo. Siku ya nne yule mwekundu akawa mweusi kama chungu, akajibanza nyuma ya hita, kichwa chini, anahema mbiombio. Siku ya tisa nilikuwa na tangi zuri la maji matupu.

Maji niliyotumia ni ya kisima cha hapa nyumbani, yana chumvichumvi. Bomba linatoka mara mbili kwa wiki. Mama Nuru ameshasema tangi ligeuzwe kabati la vyombo. Nataka kujaribu tena mara moja tu, kwa hiyo niambieni: nitumie maji gani? Nikianza na wawili si nitapunguza hasara? Na hizo nyuzi joto 30 za maji ninazozisikia ni lazima kweli?

Sato wa Kukaanga
Samaki saizi ya kiganja, bei ya mbuzi, na haliwi? Mkuu, soko la samaki la Feri hukulifahamu? Haya, nimekaa pale nasubiri wajuzi.

Mzee wa Pipa
Pole sana Baba Nuru. Ulivyoeleza, mimi naona wamekufa kwa uchafu wao wenyewe, na wewe hukuuona kwa sababu hauna rangi.

Iko hivi. Samaki anatoa amonia, nyingi kupitia mashavuni, na chakula kinachobaki kikioza kinaongeza. Kwenye tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoishi ndani ya sponji ya filta. Kundi la kwanza linageuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili linageuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki anaivumilia mpaka utakapobadilisha maji. Tangi la siku mbili halina bakteria hao. Filta yako ilikuwa inazungusha sumu tu. Halafu maji ya moto yenye pH ya juu (pH ni kipimo cha uchachu wa maji, ikipanda uchachu unapungua) yanaifanya amonia iwe kali zaidi, na maji ya kisima yanaweza kuwa na pH ya juu. Ulimpikia sumu kwenye sufuria lenye mfuniko.

Sasa fanya hivi. Jaza tangi, washa hita na filta. Nenda Feri kanunue kamba mmoja. Mmoja tu, usije ukanogewa. Mfunge kwenye kipande cha soksi nyepesi, mtupie ndani, mwache aoze. Ndiyo, patanuka, mwambie shemeji avumilie. Huyo kamba ndiye chakula cha bakteria. Nunua vipimo vya amonia, nitriti na nitreti, vile vya kudondosha matone kwenye kichupa, upime kila baada ya siku mbili. Amonia itapanda, kisha itashuka huku nitriti ikipanda, kisha na nitriti itashuka. Vyote viwili vikisoma sifuri na nitreti imeonekana, tangi limekomaa. Kawaida ni wiki nne hadi sita. Kama una rafiki mwenye tangi la zamani lisilo na ugonjwa, muombe sponji yake chafu ikae kwenye filta yako, utaokoa wiki kadhaa. Na sponji hiyo usije ukaiosha kwa maji ya bomba yenye klorini, utaua bakteria. Ikamulie kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini.

Ukwaju na Sukari
Mzee wa Pipa kamaliza kwenye amonia. Mimi niseme juu ya maji.

Kwao diskasi ni Amazon, na wengine wanatoka Rio Negro, mto wenye maji kama chai ya rangi: laini (yenye madini machache), ya uchachu, ya moto. Kwa hiyo watu wanakariri pH 6, wananunua madawa ya kushusha, leo 6, kesho 7.5, samaki anachanganyikiwa. Baba Nuru, hao unaowanunua mjini si wa mtoni. Wamezalishwa kwenye mashamba ya Malaysia au Thailand na wamezoea maji ya kawaida. pH ya 7 na kitu wanaishi, mradi isiyumbe. Wasichokivumilia ni uchafu na mabadiliko ya ghafla. Ukitaka wazae ndipo uanze kuhangaika na maji laini.

Ila hayo ya kisima yaache, mkuu. Chumvichumvi ya Dar haiwafai. Tumia ya bomba. Weka pipa la lita 200, bomba likitoka lijaze, tumbukiza jiwe la hewa lipige mapovu saa 24 klorini itoke, weka na hita ndogo yalingane joto na tangi. Hapo ndipo unabadilisha. Mimi nabadilisha nusu ya tangi mara mbili kwa wiki. Nyumbani wananiita mchota maji.

Mzee wa Pipa
Na maji ya mvua? Mimi nimeyatumia masika yote.

Ukwaju na Sukari
Mazuri, lakini acha mvua ya kwanza ioshe bati. Na usiyatumie matupu: hayana madini ya kuishikilia pH, siku moja inaporomoka usiku na asubuhi unakuta msiba. Changanya nusu kwa nusu na ya bomba.

Kigoma Mwisho wa Reli
Niwachokoze kidogo. Mtanzania unahangaika na samaki wa Brazil wakati Wazungu wanavuka bahari kufuata samaki wa Ziwa Tanganyika! Kuna tropheus, kuna frontosa mwenye nundu, kuna wale wadogo wanaolala ndani ya ganda tupu la konokono. Maji ya kwetu ni magumu na pH inakaribia 9, hakuna kuhangaika na mvua.

Baba Nuru wa Tabata
Sasa hao si watapenda maji yangu ya kisima?

Kigoma Mwisho wa Reli
Hapana mkuu, nisikudanganye. Ugumu wa ziwani ni wa madini mengine, chumvi ya mezani ni kitu kingine. Na usiwachanganye na diskasi kamwe. Mmoja anataka maji laini, mwingine magumu, na wa kwetu wana ngumi.

Mkungu Mkavu
Kwenye idadi: wawili usithubutu. Diskasi wana ubabe wa foleni. Wakiwa wawili, mkubwa atampiga mdogo kila anaposogelea chakula mpaka afe. Anza na sita kwa mpigo, ubabe unagawanyika. Lita 270 zinawatosha, wakikua wanafika sentimita 15 na zaidi. Chukua waliofika sentimita 8 hivi, vichanga wanataka kulishwa mara tano kwa siku na wewe unakwenda kazini.

Joto 28 hadi 30, ndiyo, ni lazima. Dar miezi ya Desemba na Januari hita yako itakuwa imelala tu, lakini Julai usiku utaihitaji. Ujue pia maji ya moto hayashiki hewa vizuri, kwa hiyo pampu ya hewa iwe ya betri, umeme ukikatika iendelee. Filta ikisimama saa nyingi na bakteria nao wanakufa.

Usiweke mchanga mwaka huu. Chini kuwe kioo kitupu, ufyonze kinyesi kila jioni kwa mpira. Na hilo jina langu si la bure: okota majani makavu ya mti wa mkungu yaliyoanguka yenyewe, mbali na barabara, yaoshe, tupia matatu. Maji yatageuka rangi ya chai na samaki watatulia. Huko mitandaoni watu wanauziwa majani hayo kwa pakiti, sisi tunayafagia.

Ukienda dukani, mwambie muuzaji awalishe ukiwa umesimama hapo. Asiyekula usimchukue. Mwenye kinyesi cheupe cha kamasi kama uzi, usimchukue hata kwa bure.

Sato wa Kukaanga
Nilikuja kucheka, sasa natafuta tangi. Mnaniharibia maisha.

Baba Nuru wa Tabata
Wakuu, narudi na mrejesho. Leo ni siku ya 47. Kamba wa Feri alinuka siku nane, Mama Nuru alihamia kulala chumba cha watoto. Nitriti iligoma kushuka wiki tatu nzima, nikakaribia kukata tamaa, kisha ikashuka ndani ya siku mbili. Nikabadilisha maji karibu yote, na Jumamosi nikaleta sita. Nilisimama dukani dakika arobaini mpaka muuzaji akakasirika.

Siku ya kwanza walijikunyata wote kona moja kama abiria wa daladala. Jana jioni niliwapa moyo wa ng'ombe uliosagwa, wakautema. Leo asubuhi mkubwa akameza kipande, akatema, akapuliza maji chini kwenye kioo, akakiokota tena. Wanne wakamfuata. Yule mdogo mwenye mistari bado yuko nyuma ya hita ila rangi yake ni nzuri. Nimsubiri au nimtenge?

Mkungu Mkavu
Msubiri siku tatu. Tupa chakula sehemu mbili kwa wakati mmoja, mbabe hawezi kulinda kote. Ukimtoa sasa, siku ukimrudisha ataanza foleni upya.

Ukwaju na Sukari
Na mabaki ya huo moyo uyafyonze ndani ya nusu saa, yanachafua maji kuliko chochote. Picha iko wapi?

Baba Nuru wa Tabata
Simu anayo Mama Nuru, yuko mbele ya tangi anawapiga video anawatumia dada zake.