Mama kavunjika mkono, nimekuja kujua baada ya wiki tatu, kisa "tuliona uko bize". Naombeni ushauri

Mtoto wa Kihamba (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu kidogo mtanisamehe, naandika nikiwa ndani ya daladala na leo nimepata siti kabisa, sio kawaida.

Mimi ni mtu wa Rombo, hapa Dar nina mwaka wa tisa. Nafanya kazi stoo kwenye kampuni moja huku barabara ya Nyerere, naishi Chanika kwenye kajumba kangu ambako hata plasta sijamaliza. Naamka saa kumi alfajiri, kumi na nusu niko stendi, kurudi ni saa tatu usiku na mvua ikinyesha hesabu saa nne. Jumamosi kazini. Jumapili nafua, nasimamia fundi, nalala, na mara nyingine bosi anapiga simu mzigo umeingia njoo. Likizo sijaenda miaka miwili.

Sasa juzi nikampigia dada yangu kumuulizia bei ya mbao Tarakea. Tumeongea weee, mwishoni kabisa ananiambia "na mama anaendelea vizuri, sa hivi anaweza hata kushika kikombe". Nikamuuliza kikombe kimefanyaje? Kimya. Ndo naambiwa mama aliteleza korongoni akikata majani ya ng'ombe, mkono wa kulia ukavunjika, kafungwa hogo, wiki ya tatu hiyo. Kijiji kizima kinajua. Binamu yangu aliyeko Mwanza anajua. Mimi mtoto wake wa kiume sijui. Nikafoka mbona hamkuniambia, dada kanijibu kwa upole kabisa, "tuliona uko bize, na mama mwenyewe alisema msimsumbue".

Kinachoniuma ni kwamba ndani ya hizo wiki tatu nimemtumia mama hela mara mbili na meseji ya asante ikarudi. Ya pili ilikuwa imeandikwa "asnt mwnng nmepata". Mimi nikacheka peke yangu stoo nikasema bi mkubwa siku hizi wa kisasa. Kumbe anaandika mtoto wa jirani, mkono wake upo kwenye hogo.

Na sio mama tu. Nina rafiki yangu tumetoka naye mbali, tumelala godoro moja geto la Buguruni miaka miwili. Mwezi wa tatu aliweka stetasi ya mshumaa, nikaandika "pole kaka" nikapita, nikidhani ni jirani au mtu wa kazini kwake. Alikuwa ni baba yake. Yule mzee ndo alinipa nauli ya kwenda kwenye usaili wa kazi hii hii inayonifanya nikose muda. Sa hivi nikimpigia jamaa hapokei.

Mnafanyaje wenzangu mnaotoka giza mnarudi giza? Matusi hapana, nimeshajitukana vya kutosha.

Konda Mstaafu

Nimekaa siti ya dirishani nasubiri wenye hekima waje. Pole kwa mama mkuu.

Zege Halilali

Tafuta hela wewe. Ukiwa nazo ndugu watakutafuta wao, tena watajua mpaka saa unayoamka. Ukifulia hata ukipiga simu kila siku hawapokei.

Nesi wa Zamu

Pole sana kaka yangu. Mimi niko wodini, shifti za usiku, kwa hiyo nakuelewa. Kosa nililokuwa nafanya mimi ni kusubiri nipate muda mzuri wa kuongea na mama, nikae nimetulia nimeshaoga, sasa huo muda hauji mpaka unazeeka. Siku hizi nampigia nikiwa napika, simu naiweka spika naisimamisha kwenye ndoo ya mchele. Hatuongei la maana hata moja. Ananiuliza unapika nini, namwambia mchicha, ananiambia usiuivishe sana, akimaliza anamsema shangazi. Mara nyingine tunanyamaza wote wawili mimi nakuna nazi yeye anachambua maharage. Lakini juzi alikohoa mara tatu tu nikajua hiki sio kikohozi cha vumbi, nikamwambia mdogo wangu ampeleke, kweli kifua kilikuwa kimeshaharibika. Kwenye meseji ningesikia wapi hicho kikohozi?

Na acha kuuliza "habari za huko" maana utajibiwa nzuri tu. Uliza yule ng'ombe ameshazaa? Yule jirani wa kesi ya mpaka wa shamba imeishia wapi? Hapo hutakata simu mpaka bando liishe.

Shangazi wa Tanga

Mwanangu, mimi nikuchome kidogo. Huna tatizo la muda wewe. Hapo umeandika uzi mrefu hivi ukiwa kwenye gari, vidole vilipata muda. Unakwepa mizinga. Unaona jina la ndugu linawaka kwenye simu moyo unaruka, unasema huyu anataka ada, huyu anataka bati, unaiacha iite mpaka ikate. Ukifanya hivo mwaka mzima wanaelewa, hao sio watoto. Ndo maana hawakukupigia mama alipoanguka, waliogopa utaona wanakuja na bakuli.

Kataa kama nakusingizia.

Mtoto wa Kihamba

Shangazi umenivua nguo hadharani.

Sikatai. Kuna siku nilipigiwa na bamdogo mara nne sikupokea, nikajua tu ni ya mchango wa harusi ya mwanae. Na kweli ilikuwa ya mchango. Lakini mshahara ukishatoa kikoba, saruji, nauli na chakula, kinachobaki hata mimi nakionea aibu. Kumwambia mtu mzima sina inanishinda, bora nisipokee.

Shangazi wa Tanga

Basi jifunze kusema "sina baba, mwezi huu nimekwama" halafu uendelee kuongea naye. Ukisema sina ukakata, hapo ndo unaonekana mchoyo. Na fanya hivi, siku ya kutuma hela usipige, siku ya kupiga usitume. Mama yako akuzoee kama mtoto, sasa hivi amekuzoea kama wakala, ukipiga anajua ni "tazama simu nimekutumia na ya kutolea". Tenganisha hivyo vitu viwili uone atakavyoanza kukuhadithia mambo.

Lori Refu

Hii ya kutenganisha nimeielewa sana aisee. Mimi ni dereva, Dar kwenda Lubumbashi, naweza kumaliza mwezi sijaingia nyumbani, na pale Tunduma foleni ikikaza unakaa siku mbili unaangalia tela la mwenzako. Nilivyoona wanangu wananisahau nikaanza kuwatumia sauti. Sio "hamjambo, baba anawapenda", hapana, nawarekodia vitu, nani kapata pancha, mlima Kitonga ukungu umeshuka sioni hata taa za mbele, muuza karanga kamkimbia mgambo. Dakika mbili mbili. Wao wanasikiliza wakirudi shule na wananijibu muda wao, mimi nikifika kwenye mtandao zinashuka zote kama mvua. Mdogo ana miaka mitano, juzi karekodi dakika nzima ya paka wao akila. Nimeisikiliza Nakonde nikacheka mpaka utingo akaniuliza kulikoni.

Mama yako ana kitochi nadhani, hapo itabidi upige tu. Ila kwa rafiki sauti zinafaa.

Karani Mkuu

Niguse hapo kwenye kazi maana wote mmeparuka. Mleta uzi, miaka miwili hujaenda likizo kwa nini? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 28 za mfululizo kwa kila mzunguko wa likizo, kwa malipo, na sikukuu ikiangukia humo ndani inahesabika humo humo. Masaa ya kawaida hayazidi 45 kwa wiki, 9 kwa siku. Ovataimu nayo ina kikomo, masaa 50 ndani ya wiki nne, na inalipwa mara moja na nusu, na lazima uwe umekubali, sio mtu anakupigia Jumapili njoo. Mzazi akifariki unapewa siku za kuzika zenye malipo, lakini unataka usubiri mpaka hizo?

Andika barua ya likizo leo, kwa maandishi, ubaki na kopi. Wengi wetu hatunyimwi likizo, tunaogopa kuomba, tunadhani tukiondoka stoo itaanguka. Haianguki.

Zege Halilali

Akirudi likizo akute kaajiriwa mwingine. Mnamdanganya mwenzenu.

Karani Mkuu

Zege kunywa maji ulale.

Mswahili wa Muscat

Assalaam aleikum. Nimesoma hadi mwisho nikaona na mimi niseme. Nipo Oman mwaka wa nne, kazi za ndani. Huku tuko saa moja mbele ya nyumbani, sio mbali, lakini nikimaliza kazi huwa saa tano ya usiku, kwetu Pangani saa nne, mwanangu keshalala. Bibi yake alikuwa akimwamsha aongee nami, mtoto analia ana usingizi, mimi nalia, tukaacha. Sasa tumepanga Ijumaa asubuhi kabla hajaenda chuo cha Kurani, dakika kumi, na hizo kumi kwangu ni kama ada ya shule, siichezei.

Ila niwaambieni kitu. Mwanzo nilikuwa nikimuuliza umekula, umesoma, umeoga, anajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, kisha anampa bibi yake simu akacheze. Siku moja nikamwambia sijui kusuka ukili, nifundishe. Mtoto wa miaka sita ananifundisha kwa simu, "hapana mama, huo wa kushoto, pitisha chini". Dakika kumi zikapita hataki kuniachia. Yaani mtu anataka umhitaji, si umkague.

Bado bibi ndiye anamwita mama. Mimi ananiita mama wa simu. Alhamdulillah, jina ninalo.

Nesi wa Zamu

Dada wa Muscat umeniliza kazini, wagonjwa wananiangalia.

Geto Namba Saba

Hapo kwa rafiki mmeparuka nyote. Mkuu, acha kupiga simu. Msiba wa baba hauna pole ya simu, tena ulishaandika moja ukaharibu. Nenda. Beba sukari kilo tano na mchele, ingia ndani, kaa, usianze na "unajua kazi". Akikununia mwache anune. Rambirambi haiozi, hata ukienda baada ya mwaka inapokelewa, ila ukiituma kwa muamala kwa mtu mliyelala godoro moja umemtukana mara ya pili.

Konda Mstaafu

Mimi naongezea la usalama tu, maana kuna mtu atamshauri apige simu akitembea kutoka stendi kwenda nyumbani saa tatu usiku. Chanika hiyo hiyo? Mama atasikia "mwananguuu" halafu simu inaendelea kuongea na kibaka. Piga saa ya chakula mchana, kaa nyuma ya stoo.

Mtoto wa Kihamba

Hahaha konda. Nimewasoma wote, nashukuru sana, hata wewe Zege. Ntaleta mrejesho.

Mtoto wa Kihamba

MREJESHO

Wakuu, siku kumi na moja zimepita. Mchana wa Jumatatu nikakaa nyuma ya stoo kama konda alivyosema, nikampigia mama. Amepokea kabla sijasema shikamoo anauliza, "Kuna nini? Nani amefariki?" Nikamwambia hakuna mama, nakusalimia tu. Akasema "saa saba mchana?" Haamini. Akarudia mara ya pili, "kweli huko hakuna shida?" Aisee. Miaka tisa na simu yangu ya mchana ni taarifa ya msiba.

Nikakumbuka maneno ya nesi nikauliza ng'ombe. Amezaa, dume, amesikitika kidogo maana alitaka mtamba. Majani anakata kijana wa kumlipa na anakata vibaya, anamchanganyia na magugu. Nikamwambia na mimi plasta imenishinda fundi kala hela, mama akacheka sana, kasema "hata baba yako fundi wa jiko alimla hela". Hiyo stori sijawahi kuisikia. Dakika 34. Mwishoni nikasikia anamwambia mtu pembeni "ni mwanangu wa Dar, anasalimia tu". Alikuwa yule mtoto wa jirani, karani wake. Nikaomba niongee naye nikamshukuru, nikamwambia aandike maneno marefu, kasema "sawa kaka, ila vidole vinachoka".

Barua nimeandika. Bosi kanuna lakini kasaini siku 14 kuanzia mwezi ujao, nyingine tutapangana. Tiketi ya Mbezi nitakata wiki hii, sitaki kungoja Desemba nigombanie siti na Wachagga wenzangu. Nataka niwepo siku hogo linatolewa.

Kwa rafiki nilienda Jumapili, Gongo la Mboto. Sikumkuta, alikuwa kazini naye. Nimemkuta shemeji, nikaacha sukari na mchele, tumekaa kama saa moja. Hakunilaumu, kasema tu "siku ya arobaini tulikuwekea sahani, tukasema labda atatokea". Sikuwa na jibu.

Usiku jamaa kanitumia meseji, maneno mawili: "Nimeona sukari."

Nimeisoma mara ishirini. Nimejibu "nitakuja Jumapili", tiki zimegeuka bluu, hajajibu. Mnaisomaje wakuu, kanisamehe au ndo kanifunga mdomo?

Geto Namba Saba

Mwanaume akikuandikia "nimeona sukari" mlango hajaufunga. Jumapili beba na majani ya chai.

Konda Mstaafu

Na maandazi. Tupia picha.