Naomba ushauri: nataka kuingiza gari langu Nürburgring

Wakuu, habari za humu. Naishi Köln, Ujerumani, nina Toyota GT86 ambayo ndiyo hiyo hiyo ya kwendea kazini, sina nyingine. Nataka kuiingiza Nordschleife, ile njia ya milimani ya kilomita 20.8 ya uwanja wa mbio za magari wa Nürburgring, ambako kampuni za magari hupeleka magari mapya kuyajaribu. Siku za wazi unalipia mzunguko, unaingia na gari lako.

Kinachoninyima usingizi ni bima. Siku hizo njia inahesabika kama barabara ya kulipia: sheria za barabarani zinatumika, kuovateki kwa kulia marufuku (huku tunaendesha upande wa kulia), kujipima muda marufuku. Lakini bima nyingi zinakataa kulipa ukiumiza gari humo, hata kama una bima kubwa. Na ukigonga vile vyuma vya pembeni, bili yake ni yako, gari la kukokota pia. Mliowahi kuingia mlifanyaje? Au ni bora kukodi gari la pale pale?

Pili, breki. Fundi wangu anasema nibadilishe mafuta ya breki tu, pedi za kawaida zitatosha nikienda mzunguko mmoja nikapumzisha gari. Mimi sijaridhika. Unateremka kile kipande cha Fuchsröhre kwa spidi, unapanda kidogo, mara kona za Adenauer Forst hizi hapa!

Upepo wa tairi nao, nipunguze kabla ya kuingia?

Halafu mke wangu anataka kukaa pembeni yangu. Nimruhusu?