Paneli Nne au Nane? Gumzo la Ukoo Kuhusu Paa la Ujiji

Kundi: Nyumba ya Ujiji

Mwajuma (saa 1:10 asubuhi): Assalaam alaykum ndugu zangu. Fundi anataka jibu kabla ya Ijumaa: paneli nne au nane za umeme wa jua juu ya nyumba ya Ujiji. Anasema zile nne za ziada zitajilipa zenyewe, kwa kuwa umeme tusioutumia mchana utarudi kwenye gridi na kutupunguzia gharama ya LUKU, yaani umeme tunaoulipia kabla. Naomba tusiipokee hesabu hiyo mpaka tujue uniti inayorudi itathaminiwa kwa bei gani.

Mwajuma (saa 3:25 asubuhi): Naona wengi mmesoma. Naomba majibu.

Hamisi, Kasulu (saa 4:02 asubuhi): Ikiwa sasa vitu vinarudishwa, basi Idi aanze kuirudisha ndoo ya migebuka.

Idi, Dar (saa 4:05 asubuhi): Ile ilikuwa zawadi, Kaka, na wageni waliokula ulinitumia wewe mwenyewe.

Mwajuma (saa 4:30 asubuhi): Migebuka tutaizungumza siku nyingine. Kwa bei tuliyoizoea, LUKU ya shilingi 10,000 hutoa uniti 28 hivi, maana uniti ya shilingi 292 huongezewa VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA, wakala wa umeme vijijini, na asilimia 1 ya EWURA, wadhibiti wa nishati na maji. Tuseme mchana, nyumbani kukiwa na friza ya Wifi Mama Tausi peke yake, tunarudisha uniti 4, kisha usiku tunavuta uniti 4. Mahali ambapo uniti inayorudi hulingana na inayoletwa, hatudaiwi kitu. Kwa majirani zetu wa Kenya, ambako Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 iliruhusu mpango huu na kanuni zake zikatoka mwaka 2024, anayerudisha uniti moja huandikiwa nusu. Kwa hiyo tungehesabiwa 2, na 2 zilizobaki tungezinunua. California, Marekani, nako, wateja walihesabiwa kwa miaka mingi karibu na bei ya rejareja, lakini walioomba baada ya tarehe 14 Aprili 2023 walikuta thamani ya umeme wanaorudisha imeshuka kwa takriban robo tatu. Paneli ni zilezile na jua ni lilelile. Kilichobadilika ni kanuni.

Idi, Dar (saa 7:15 mchana): Hiyo ni dhuluma, Dada. Mtu atoe fedha zake, achume jua la Mungu, kisha ahesabiwe nusu?

Mwajuma (saa 7:40 mchana): Sikubaliani nawe. Nguzo, nyaya na transfoma zina gharama usiku na mchana, na mwenye paneli huzitumia kama ghala la umeme wake. Akifuta deni lake lote, gharama hiyo huwaangukia wapangaji na majirani wasio na paa. Mimi nusu naiona ni bei ya haki, maadamu imeandikwa na haitabadilishwa katikati ya safari. Dhuluma ni mtu kununulishwa paneli nane kwa ahadi ya mdomo. Jambo jingine, baadhi ya mita za kulipia kabla haziwezi kutofautisha umeme unaotoka na unaoingia, kwa hiyo bila mita ya njia mbili tunaweza kukatwa uniti kwa umeme tuliotoa wenyewe. Na umeme ukikatika, inveta ya gridi isiyo na betri, yaani kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, huzimika, ili isipeleke umeme kwenye waya ambao fundi ameushika akidhani hauna umeme.

Hamisi, Kasulu (saa 11:20 jioni): Nimekuelewa, lakini mchango huu utashikwa na nani? Jenereta tuliichangia sote, gridi ilipofika ikauzwa, na mpaka leo sijasomewa hesabu.

Idi, Dar (saa 11:22 jioni): Jambo hilo lilikwisha mbele ya mashahidi.

Hamisi, Kasulu (saa 11:23 jioni): Kwangu halijaisha.

Mzee (saa 2:05 usiku): Nimesomewa maneno yenu. Mita ya nyumba ile ina jina la marehemu mama yenu, na mirathi yake haijafungwa. Mkataba wa kurudisha umeme utataka sahihi ya mwenye mita. Sitaki mtu asaini kwa jina lake wala alifute kabla hatujakaa. Habari ya jenereta nayo itasemwa siku hiyo, Hamisi na Idi wakiwa mbele yangu.

Idi, Dar (saa 2:31 usiku): Tumesikia, Baba.

Hamisi, Kasulu (saa 2:40 usiku): Tumesikia, Baba.

Mwajuma (saa 2:55 usiku): Tumesikia, Baba. Basi napendekeza paneli nne na betri, tutumie umeme wetu wenyewe bila kurudisha kitu kwa sasa. Kaka Hamisi, tafadhali Jumatatu upeleke barua ofisi ya shirika la umeme, uulize kama wanafunga mita ya njia mbili, uniti inayorudi wanaihesabu kwa kiasi gani, na kama salio hubaki au hufutwa mwaka ukiisha. Wajibu kwa maandishi.

Hamisi, Kasulu (saa 3:10 usiku): Jumatatu sina nafasi. Labda Jumatano, Inshallah.

Mama Tausi (saa 4:45 usiku): Samahanini, nimefunga biashara sasa hivi. Fundi alipita jioni akasema mmekwisha kukubaliana, nami nikampa kianzio cha paneli nane.

Mwajuma (saa 4:46 usiku): Wifi, umempa kiasi gani, na amekuandikia risiti?